Siku Tulipoivisha Leso Miungu ya Tamuroa

Enzi zetu sisi watoto wa Rooty Hill, ukiulizwa unaishi wapi hukutaja nambari ya nyumba. Ulitaja kisiwa. Mimi nilikuwa wa Tahiti, ghorofa ya kwanza, mlango ulio karibu na ngazi, na juu ya mlango kibao cha mbao kilichochongwa herufi zenye ncha ncha. Mama Furaha, jirani yetu kutoka Bukavu, alikaa Samoa. Na Mama Sina, ambaye ndiye Msamoa wa kuzaliwa, Msamoa wa baba na mama, mwenye nyumba akampa Hawaii! Kila alipotoka kazini akapita mbele ya mlango wa Mama Furaha, alisema kwa Kiingereza chake cha kuimba kwamba iko siku atawatimua Wakongo kutoka nchini kwake. Mama Furaha wakati huo hakuwa na Kiingereza cha kumjibu, basi alicheka tu, na mwenzake akacheka, na huo ndio ulikuwa urafiki wao.

Mwalimu mmoja mpya shuleni aliwahi kunisifu mbele ya darasa zima kwa jinsi nilivyojifunza Kiingereza haraka tangu nitoke Tahiti. Nikasema asante. Ningesema nini? Kumweleza kwamba nimetoka Nakuru, na kwamba Tahiti ni vyumba viwili na jiko lenye mlango usiofunga, lilikuwa jambo refu na kengele ya chakula ilikuwa karibu kulia.

Jumba lenyewe liliitwa Tamuroa. Msilitafute, limeshabomolewa. Kwa nyinyi mliofika Sydney juzi mkapokelewa na fleti za vioo na lifti inayokusalimia, ngoja niwachoree. Zamani sana, kabla wazazi wetu hawajajua Australia iko upande gani, Wazungu wa huku walipatwa na wazimu wa visiwa vya Pasifiki. Kila mwenye moteli alitaka ifanane na kisiwa. Sasa Rooty Hill na bahari wapi na wapi! Kiangazi chake unaweza kukaanga yai juu ya boneti. Lakini kuna tajiri aliyekaa akafikiri, akaona naam, hapa kando ya reli ndipo pa kujenga Polinesia. Na akajenga kweli. Paa lilipanda likachongoka, na ncha yake ikatokeza mbele kama pua ya mmbeya. Kuta za chini zilikuwa za mawe meusi yenye vitundu, ukijikwaruza hapo unarudi nyumbani goti limechunika na Mama anakuongezea. Vizuizi vya roshani vilikuwa vya mianzi. Mapokezi palikuwa na maporomoko ya maji yasiyo na maji, na daraja dogo la kuvuka kwenda ng'ambo ya pili, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta. Sisi tulilivuka hata hivyo, kila siku, kwa heshima zote.

Moteli ilipokosa wageni ikageuzwa fleti za watu kama sisi, na wamama wetu wakaipa kila kitu kazi. Kulikuwa na makombe makubwa ya baharini kando ya lango, ya saruji, yaliyopakwa rangi ya waridi. Mama aliloweka humo sare zetu za shule. Bwawa la kuogelea, lile la umbo la figo, mwenye nyumba alikuwa amelijaza udongo baada ya kuchoka kulisafisha. Mama Furaha alipouona ule udongo hakulala. Kufika Krismasi, upande wa kina kirefu kulikuwa na lengalenga, na Mama akajipatia upande wa kina kifupi akapanda sukuma. Nani kati yenu leo anaweza kumtuma mtoto akachume mboga bwawani? Halafu mtoto akajibu "ndiyo Mama" na kwenda?

Lakini hayo yote si kitu. Habari yenyewe ilikuwa miungu.

Ilikuwa minne, ya magogo mazima, kimo cha mtu mzima, imesimikwa kwa saruji pale uani. Macho yamewatoka, vitovu nje, midomo wazi. Sisi watoto tuliipa majina. Mmoja aliitwa Askari kwa sababu alikaa langoni. Mwingine Dada Kiuno, na sababu siisemi. Kulikuwa na Mchungu, aliyeonekana amekunywa dawa. Na mkubwa wao wote, aliyekaa kivulini chini ya ukingo wa paa karibu na ngazi, alikuwa Bwana Meno. Meno yake, jamani! Aliyemchonga alianza na meno, kisha akaona gogo limebaki kidogo akamwongezea uso.

Siku tuliyofika, Mama alikataa kushuka garini. Aliketi na kikapu chake magotini akamtazama Askari, akasema, "Baba Wambui, mimi nimeokoka."

Baba akasema, "Najua."

"Basi washa gari."

Gari halikuwa letu, na hatukuwa na pengine pa kwenda, kwa hiyo baadaye Mama alishuka. Lakini kesho yake alfajiri alitoka na chupa ya mafuta ya kuombea akaipaka yote minne kwenye paji la uso, akiikemea kwa Kikuyu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili isije ikasingizia kwamba haikuelewa. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka Bwana Meno akang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Halafu ikaja wiki ya mvua, kamba za nguo zikawa hazitoshi, nikaona kwa macho yangu Mama akiangalia kushoto, akaangalia kulia, akamtundika Bwana Meno suruali ya Baba mkononi. Tangu siku hiyo maombi yakapungua.

Mama alikuwa anaamini ni miungu ya kina Mama Sina, na kwa muda mrefu alimwogopa yule mama kwa ajili hiyo. Mwishowe alipata ujasiri akamwuliza kwa upole kama wao bado wanaiabudu. Mama Sina alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Alisema kwao hajawahi kuona kitu kama kile, kwamba pua imetoka kisiwa kimoja na nakshi kisiwa kingine, na meno hayo yametoka kichwani mwa fundi mwenyewe, pengine akiwa amelewa. Akaongeza kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na akamwuliza Mama kama wao Waafrika ndio wanaoiabudu, maana amemwona akiipaka mafuta kila asubuhi. Woi! Mama aliingia ndani akafunga mlango. Jioni akatoka na sahani ya chapati kumpelekea. Mama Sina akamrudishia sahani ile ile ikiwa na nduma, yaani magimbi. Nduma, wenzangu! Nduma za kuchemsha, za kijivu, zile zile za kwa nyanya yangu. Kumbe Wasamoa nao hulelewa na nduma. Mama alizila akiwa amesimama, machozi yanamtoka, na hakuniachia hata kipande.

Na michezo je? Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa soksi, tukaruka bladaa kwa lastiki iliyong'olewa kwenye sketi ya mtu, na brikicho ndiyo usiseme. Kujificha brikicho penye miungu ni raha isiyo na mfano. Unajikunyata nyuma ya Mchungu, mtafutaji anakuja, anakutana na yale macho, anasahau kwamba anatafuta. Majira ya kuchipua yakifika tulikuwa na vita na wale ndege weusi wenye mabaka meupe wanaoshambulia watu utosini. Watoto wote wa Tamuroa tulivaa makopo ya aiskrimu vichwani, na Mama akipiga kelele kutoka roshani, "Rudisheni makopo yangu, nitaweka githeri wapi?" Mwanangu mimi, ukimwambia atoke nje acheze, anakuuliza kwa Kiingereza acheze nini, na nani, na kuna intaneti huko nje?

Sasa sogeeni, maana ndipo nilipokuwa napaelekea.

Shangazi Njoki, dada mdogo wa Baba, aliishi nasi hapo Tahiti. Alikuwa akisomea unesi na huku akifanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa mrembo, mwepesi, na mwenye kicheko cha ajabu. Kilianza kama mtu aliyepaliwa na chai, kikapanda, kikakatika, halafu ulipodhani kimeisha kikarudi na wenzake. Mama alimwambia mara nyingi, "Njoki, mwanamke hacheki hivyo mbele za watu," na Shangazi akamcheka kwa hilo pia.

Alipendana na kijana mmoja wa Penrith aitwaye Githinji. Mpole, huyo! Mpole mpaka unamwonea huruma. Alikuwa akija kututembelea anaketi ukingoni mwa kiti kama anayeogopa kukichafua. Alikuwa yatima, amelelewa na shangazi yake, Mama Ruth, ambaye yeye alimwita Tata, jinsi sisi Wakikuyu tunavyowaita mashangazi. Mama Ruth aliongoza maombi ya akina mama kule Penrith. Alivaa kofia, na akiinamisha kichwa chake kuomba, hata watoto wachanga walinyamaza. Githinji hakuwa amewahi kumwambia hapana kwa jambo lolote, tangu azaliwe.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu Mama Ruth alikuwa amesikia kuhusu nyumba yetu. Alisema waziwazi, nje ya kanisa watu wakisikia, kwamba yeye hawezi kumtoa mke wa mtoto wake kwenye kibanda cha masanamu. Shangazi Njoki hakucheka wiki hiyo yote. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Akikataa yule mama, Githinji atainamisha kichwa na kwenda. Namjua. Ananipenda, lakini ataenda." Mama aliendelea kukanda unga.

Kuna waliosema sherehe ya mahari ifanyike ukumbini. Baba akakataa katakata. Alisema msichana hutolewa kwao, na kwao ni hapa, hata kama hapa panaitwa Tahiti. Mama akamwendea mwenye nyumba kumsihi ang'oe ile miungu kwa siku moja tu. Mwenye nyumba alimtazama kana kwamba ameombwa ang'oe meno yake mwenyewe. Aliipenda kuliko alivyotupenda wapangaji, na kusema kweli ilikuwa inamsumbua kidogo kuliko sisi.

Ni Mama Furaha aliyekuja na mpango. Alisimama bwawani kati ya lengalenga zake, mkono kiunoni, akasema, "Mama Wambui, unalia sababu ya nini? Tunawavalisha bitenge, tunawafunga muzuri, basi, fini! Nani atajua kama chini kuko sanamu ao kuko nguzo?"

Vitenge havikutosha, lakini leso, yaani kanga, zilikuwepo. Mjomba alikuwa ametuletea mzigo mzima wa leso kutoka Nairobi, zote za namna moja, nyekundu na nyeupe, kwa ajili ya shughuli hiyo hiyo. Kwa wasiojua desturi yetu: bwana harusi akija, haonyeshwi bibi harusi hivi hivi. Wanawake kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni, wakapangwa mstari, na yeye achague aliye wake. Akikosea, anapigwa faini, anachekwa, na wenye roho mbaya wanasema kama hamtambui sasa atamtambua lini. Basi Mama akatoa leso zilizobaki, na Ijumaa jioni yeye na Mama Furaha wakaivisha miungu. Waliifunika gubigubi, wakaifunga kiunoni kwa ustadi. Dada Kiuno alipendeza hata kuliko watu.

Jumamosi jua lilitoka na hasira zake. Wageni walifika wakiimba pale langoni kama inavyotakiwa, wamama zetu wakawajibu kwa kuimba kwamba hatuwajui, wao wakaimba kwamba wametoka mbali, na sisi watoto tukawa juu roshani tumebana nyuso zetu kati ya mianzi, tukicheka ovyo kwa furaha ya nguo mpya na harufu ya pilau. Mama Ruth aliingia kwa hatua za polepole, kofia ya zambarau, mkoba mkubwa mkononi. Alisimama mbele ya Askari aliyefunikwa. Akamtazama chini hadi juu.

"Na hiki?"

"Ni pambo," Mama akasema.

"Pambo."

"La kitamaduni."

Kofia ya Mama Ruth ilitikisika.

Wageni wakaketi, wakapewa vinywaji, yakasemwa yale maneno marefu ya wazee ambayo sisi watoto tulikuwa tunayaiga kwa kukunja midomo. Halafu ikafika zamu ya wanawake waliofunikwa. Walitoka kwa kujikongoja, wakishikana ili wasianguke: Shangazi Njoki, rafiki zake wa chuo, mdogo wake Mama Furaha, na Mama Sina, ambaye alisisitiza kuwemo ingawa leso mbili hazikumtosha na kila mtu aliona ni nani. Walipangwa katikati ya ua. Lakini jua lile, wenzangu! Chini ya leso ni jiko. Kidogo kidogo, wakinung'unika, mstari mzima ukaanza kusogea kando kuelekea kwenye kivuli. Na kivuli kilikuwa kimoja tu, chini ya ukingo wa paa, karibu na ngazi.

Furaha, binti yake Mama Furaha, alinibana mkono mpaka nikasikia maumivu. "Bwana Meno yuko kwenye mstari," akaninong'oneza.

Kweli alikuwepo! Kasimama katikati yao, leso nyekundu na nyeupe, kimo sawa na wengine, kavutiwa mtandio vizuri. Wakubwa walikuwa wakishughulika na kupanga meza, hakuna aliyegundua. Tungesema nini sisi watoto, na nani enzi hizo alithubutu kupaza sauti katikati ya shughuli ya watu wazima? Tulijitia ngumi mdomoni tukasubiri dunia iishe.

Githinji akaitwa. Masikini, alitembea kama anayepelekwa kwa daktari wa meno. Suti ilikuwa kubwa, mikono inamtetemeka, jasho linamtiririka. Mama Ruth akamwita kwa sauti kutoka kitini, "Githinji! Kumbuka nilichokuambia!" Naye akaitikia kwa kichwa.

Akapita mbele ya wa kwanza. Huyo alikuwa anayumba kwa joto. Akapita mbele ya wa pili, aliyekuwa akijipepea kwa ndani, leso inaruka ruka. Wa tatu alikuwa Mama Sina, mabega yanamtikisika kwa kuzuia kicheko, na Githinji akampita haraka. Akafika kwa Bwana Meno, akasimama. Bwana Meno hakuyumba. Hakujipepea. Alisimama kwa adabu ambayo sijaiona tena kwa kiumbe yeyote. Githinji alimtazama kwa muda, nikaona uso wake unalainika, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akamwekea mkono begani, taratibu.

"Ni huyu," akasema.

Mama alikuwa amebeba sinia. Lilianguka. Mzee mmoja wa upande wao, ambaye hakujua lolote, akasogea kwa bashasha akaivuta leso.

Mimi nimeona mengi katika maisha haya. Nimezaa, nimezika, nimekaa foleni ya viza. Lakini sijawahi tena kuona kimya kama kile. Meno yote yalikuwa pale, yanawatazama wakwe. Nyenje waliokuwa wakipiga kelele mitini nadhani nao walinyamaza kuangalia.

Mama Ruth alisimama. "Yesu wangu," akasema, si kwa sauti kubwa. Akachukua mkoba wake. "Githinji. Toka hapo. Tunaenda nyumbani."

Mkono wa Githinji ulikuwa bado begani mwa yule sanamu, ameusahau hapo. Halafu akamgeukia shangazi yake na uso wa mtu aliyechanganyikiwa kabisa, akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Tata, si ni wewe uliniambia nichague aliyetulia?"

"Nilisema mwanamke aliyetulia!"

Na hapo, kutoka chini ya leso ya mwisho mstarini, ikatoka sauti ya mtu aliyepaliwa na chai. Mama akafumba macho, akasema polepole, "Njoki, hapana, tafadhali, hapana." Lakini wapi! Kilipanda, kikakatika, kikarudi na wenzake. Leso ikawa inatikisika kama inapigwa na upepo. Mama Sina naye akashindwa, akafyatuka. Mama Furaha akakaa chini kwenye ukingo wa bwawa. Wazee wa upande wetu wakaanza kukohoa makusudi, na sisi huko juu tulikuwa tumelala chali tunapiga mianzi mateke.

"Na huyo?" Mama Ruth alisema, akionyesha kwa mkoba. "Anayecheka mbele ya wakwe? Huyo ndiye unayemtaka?"

Kicheko kikakatika ghafla. Kila mtu aliyekuwepo pale alijua swali limeulizwa, na Shangazi alijua zaidi kuliko wote. Nilimwona akijifunua uso mwenyewe, kinyume na desturi, macho yamejaa maji ya kucheka na sasa yanataka kuwa maji mengine. Alimtazama Githinji. Nami niliona huku juu jinsi Githinji alivyoanza kuinamisha kichwa, kama Shangazi alivyosema jikoni, na moyo wangu wa mtoto ukaniuma sana.

Lakini hakukiinamisha mpaka mwisho. Aliacha lile bega la mbao, akavuka hadi kwa Shangazi, akasimama kando yake. Alitetemeka wazi wazi, magoti, mikono, sauti, kila kitu.

"Aliyetulia nimeshamchagua, Tata," akasema. "Umeona mwenyewe alivyo. Mimi namtaka huyu anayecheka. Wewe ukienda nitakuja kukusalimia kesho, na kesho kutwa, na siku zote. Lakini leo siondoki hapa."

Nawaambia ukweli, Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alijifanya anafunga kamba za viatu.

Mama Ruth alisimama pale na mkoba wake. Alimtazama kijana aliyemlea kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamtazama Bwana Meno. Akaweka mkoba chini. Akachukua leso kutoka mikononi mwa yule mzee aliyeduwaa, akaenda mpaka kwa yule mungu, akamzungushia, akavuta, akafunga fundo la nguvu, la mtu aliyebeba watoto mgongoni.

"Fundo lenu lilikuwa limelegea," akamwambia Mama. "Hata kama ni pambo, asikae uchi mbele ya watoto." Akaketi, akauliza kama chakula kiko tayari.

Woi, tulikula siku hiyo! Tulicheza mpaka leso zikavuliwa miungu zikafungwa viunoni mwa watu. Mama Ruth na Mama Sina waligundua wote wawili ni waimbaji, wakaimba nyimbo zile zile za kanisani, kila mmoja kwa lugha yake, wakishindana nani atamaliza kwa sauti ya juu. Mwenye nyumba alikuja kuuliza kelele ni za nini, akapewa sahani, akasahau swali. Watu wa kisiwa cha Tonga, waliokuwa Wachina, walileta taa zao za rangi. Hakuna aliyekuwa amealikwa kwa kadi. Ulisikia ngoma, ukatoka.

Siku hizi pale pamejengwa fleti za kijivu. Nilipita majuzi nikitoka kazini, nikasimama langoni. Kuna vitufe vya nambari ukutani, na kamera. Nikaona mwanamke mmoja mwenye mfuko wa unga wa ugali mkononi, nikafurahi, nikamwuliza kwa Kiswahili jirani yake ni nani. Akaniambia hajui, ana mwaka wa tatu tu hapo.

Na mwezi uliopita tulikuwa kwenye mahari ya Nyambura, binti yao Shangazi Njoki na Githinji. Ilifanyika ukumbini huko Blacktown. Kulikuwa na mshereheshaji wa kulipwa, maua ya plastiki yanayoshuka kutoka darini, na kamera inayoruka kama nyuki mkubwa juu ya vichwa vya wazee. Wasichana walifunikwa vitambaa vya wavu ambavyo unamwona mtu hadi hereni. Bwana harusi mtanashati, suti imemkaa, aliingia anatabasamu kwa kamera, akaenda moja kwa moja kwa Nyambura, akamshika mkono. Baadaye nilisikia walikuwa wameshafanya mazoezi Alhamisi. Tukapiga makofi, vijana wakainua simu, wakainamia simu, mambo yakaendelea. Yalikuwa mazuri, siwezi kusema hayakuwa mazuri.

Shangazi Njoki aliyekuwa ameketi kando yangu hakupiga makofi. Aliniegemea akaninong'oneza, "Umemwona? Hata mikono haikumtetemeka."

Kisha akamtafuta mumewe kwa macho. Githinji, mzee mwenye kipara sasa, alikuwa huko nyuma anawatafutia wageni viti, na Shangazi akamtazama muda mrefu, mpaka mimi nikaona niangalie upande mwingine, maana hayakuwa macho ya kutazamwa na mtu wa tatu.